Gari la Zamani Lipewe Sauti

Watu wengi hupenda magari ya zamani, na mapenzi yao yana sababu. Land Rover zilizotengenezwa katika miaka ya 1960 bado zaonekana mashambani zikibeba watu na mizigo. Volkswagen zile zenye umbo la kobe hutunzwa na wenyewe kama vyombo vya harusi. Na wapenda mashindano hawaisahau Peugeot 404, ambayo Bert Shankland, dereva wa Tanzania, aliiendesha akashinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, akashinda tena mwaka 1967.

Jambo ninalotaka kulieleza ni hili: gari la namna hiyo, maadamu bado linatembea barabarani, yafaa lifungiwe taa za onyo na kengele katika dashibodi yake, hata kama kiwanda hakikuziweka. Najua ya kuwa wako wasiokubali. Hoja zao si za kudharauliwa, kwa hiyo nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza husema kwamba kitu cha kale kiachwe kama kilivyotengenezwa. Hoja hii ni nzuri kwa gari lililowekwa katika nyumba ya makumbusho, ambalo kazi yake ni kutazamwa. Lakini gari lipakialo watoto asubuhi na kuteremka mlima jioni lina kazi nyingine. Tena si kweli kwamba watengenezaji wa zamani hawakujali maonyo. Volkswagen za miaka ya 1950 hazikuwa na geji ya petroli. Badala yake kulikuwa na mkono mdogo karibu na miguu ya dereva. Gari likianza kukatakata kwa kukosa petroli, dereva aliugeuza mkono ule, akapata akiba ya kama lita 5 ya kumfikisha penye kituo. Hilo lilikuwa onyo, ingawa lilichelewa kidogo.

Gari hilo hilo lina taa nyekundu ya dinamo. Taa hii imeunganishwa baina ya betri na dinamo. Nguvu za umeme za pande mbili zikiwa sawa, umeme haupiti, na taa huzimika. Dinamo ikiacha kufanya kazi, umeme hupita na taa huwaka. Lakini katika Volkswagen hiyo mkanda uzungushao dinamo ndio uzungushao pia feni ya kupoza injini, ambayo haitumii maji. Mkanda ukikatika, taa ile husema mambo mawili kwa pamoja: umeme hautengenezwi, na injini haipati upepo. Dereva ajuaye maana yake husimama papo hapo. Asiyejua hudhani ni jambo la betri tu, akaendelea mpaka injini inoki, kama mafundi wasemavyo. Basi mtu anayeongeza onyo jingine anaiendeleza kazi ile ile waliyoianza watengenezaji.

Hata hivyo, aongeze kwa adabu. Dashibodi ya zamani isitobolewe. Taa mpya ziwekwe katika kibao kidogo chini yake, kilichofungwa kwa skrubu katika matundu yaliyokuwapo, ili siku moja kiweze kuondolewa bila kuacha kovu.

Hoja ya pili husema: mwenye macho haambiwi tazama. Dereva mwema huangalia geji zake, haihitaji kengele. Najibu kwamba macho ya dereva ni mawili tu, na barabara zetu huyataka yote mawili. Kuna mashimo, kuna mbuzi, kuna watoto wa shule kandokando ya njia, na jua likipiga dashibodi mchana hata taa nyekundu haionekani vizuri. Kengele husikika bila kutazamwa.

Tena geji yenyewe yaweza kudanganya. Wanafunzi wa fizikia wanajua ya kuwa maji huchemka kwa digrii 100 pwani, lakini Nairobi, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, maji yaliyo wazi huchemka kwa kama digrii 94 au 95. Kifuniko cha rejeta chenye springi huzuia mvuke usitoke, na kwa hiyo huongeza kiwango cha kuchemka. Kifuniko kikichakaa, faida hiyo hupotea, na sindano iliyoonyesha salama jana haionyeshi salama leo. Baya zaidi ni hili: geji nyingi hupima joto la maji. Mpira ukipasuka na maji yote yakamwagika, kipimo hubaki hewani, na sindano yaweza kutulia au hata kushuka huku chuma kinaungua. Dereva hufurahi wakati ule ule ambao ingempasa asimame. Kwa sababu hiyo, onyo la joto lifungwe penye chuma chenyewe cha silinda hedi. Na pamoja nalo liwepo onyo la kupungua kwa maji katika rejeta. Hili la pili ni rahisi: kijiti cha chuma kisichogusana na bodi hutumbukizwa katika maji, na umeme mdogo hupita majini. Maji yakishuka chini ya kijiti, njia ya umeme hukatika na kengele hulia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Husema kwamba kengele humfanya dereva awe mvivu, na kwamba kengele ikilia ovyo huzoeleka. Ni kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na kengele iliyolia mara kumi bila sababu haitasikilizwa mara ya kumi na moja. Mtu atakata waya wake ili apate usingizi wa mawazo. Lakini dawa yake ni kuifanya kengele iwe ya kweli. Maonyo yawe machache, tena ya mambo yale tu yanayoweza kuvunja injini au kuua mtu. Kwa maoni yangu matatu yanatosha kuongezwa: moto wa injini pamoja na maji yake, msukumo wa oili, na mafuta ya breki.

Kuhusu oili, magari mengi ya zamani yana taa, lakini hayana kengele. Swichi yake ina kiwambo chembamba. Msukumo wa oili ukiwa mzuri hukisukuma kiwambo, vyuma vikaachana, taa ikazimika. Msukumo ukianguka, vyuma hugusana, taa ikawaka. Ndiyo maana ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa haina budi kuwaka. Isipowaka, imekufa, na dereva afurahiaye giza lake anajidanganya. Kila onyo linaloongezwa lifungwe kwa namna hiyo hiyo, lijipime kila asubuhi mbele ya mwenyewe.

Kuhusu breki, hapa si habari ya injini tena, ni habari ya roho za watu. Magari mengi ya zamani yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Palipo na tundu moja, breki zote hupotea. Marekani iliamuru kwamba magari mapya ya abiria, kuanzia 1 Januari 1968, yawe na njia mbili, na taa ya kumwonya dereva njia moja inapokufa. Gari lililotangulia siku zile halina faida hiyo. Kifuniko chenye boya katika chupa ya mafuta ya breki chaweza kumwambia dereva, kabla hajaufikia mteremko, kwamba mafuta yanapungua. Injini iliyoharibika hununuliwa nyingine, mtoto hanunuliwi.

Kazi hii isifanywe na mtu wa kubahatisha. Waya usio na fyuzi nyuma ya dashibodi ni mwanzo wa moto. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yaliunganishwa upande chanya wa betri na bodi, kinyume cha magari ya leo, na Volkswagen nyingi za kabla ya 1967 zina volti 6 badala ya 12. Kengele ya kisasa ikiunganishwa kinyume huharibika, au haisemi kitu. Fundi apime kwanza, kisha afunge.

Wazazi wetu wenye magari haya hununua rangi mpya, viti vipya na vifuniko vya magurudumu ving'aavyo. Si vibaya. Lakini naomba kengele itangulie, rangi ifuate. Nanyi wanafunzi wenzangu, mliosoma habari za umeme na za msukumo, msiziache darasani. Waelezeni wenye magari nyumbani yale taa zao zinayosema.

Na dereva akisha kupewa sauti hiyo, aitii. Asimame kando, azime injini, afungue boneti, asifungue kifuniko cha rejeta wakati ungali moto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na barabarani mguu si wake peke yake.

Haya ndiyo maoni yangu. Anayeona vinginevyo na aandike, tuzisome hoja zake katika toleo lijalo.