Tuziokoe Lugha Ndogo Kabla Hazijazama

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, lakini uchungu wake niliuonja nilipokuwa nimeketi juu ya jiwe, mshipi mkononi, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana.

Nilikuwa nimeandamana na wanafunzi wangu sita hadi Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Tulipiga kambi chini ya mikoma, na usiku kucha upepo uteremkao kutoka Mlima Kulal ulizitikisa hema zetu kana kwamba umetumwa kutufukuza. Alfajiri tulikwenda kuvua pamoja na wenyeji wa jamii ya Waelmolo, watu ambao tangu jadi riziki yao imetoka majini, na ambao mababu zao walivua kwa vyelezo vya magogo ya mikoma na chusa.

Jua halijawa kali, kijana aliyetuongoza alikuwa tayari amevua samaki wanne. Nikamwuliza jina la yule mkubwa. "Mbuta," akajibu. Hilo ni neno la Kiluo, linalotumika leo kila panapouzwa samaki nchini. Nikamwuliza huitwaje katika lugha ya mababu zake. Akacheka kwa haya, akamgeukia mzee aliyekuwa akishona wavu. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akalitamka jina hilo polepole. "Ninalijua, mwalimu," akaniambia, "ila sina wa kunijibu."

Msomaji mpendwa, kauli ile ilinikosesha usingizi kuliko upepo wa Kulal.

Kielmolo ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kidaasanach. Wenyewe waliiacha hatua kwa hatua wakakumbatia Kisamburu, lugha ya majirani wenye mifugo waliooana na kufanya biashara nao. Mtaalamu Mjerumani Bernd Heine alipokusanya na kuchapisha msamiati wake katika miaka ya 1970, waliokuwa wakiijua vyema walikuwa wazee wachache tu. Ajabu ni kwamba ziwa lenyewe, lililopachikwa jina la mwanamfalme Rudolf wa Austria mwaka wa 1888, tulilirejeshea jina la Kiafrika mwaka wa 1975. Jina la ziwa tuliliokoa. Majina ya samaki wake tukayaacha yazame.

Yamkini wapo watakaosema kwamba lugha huzaliwa na kufa, na kwamba Waelmolo hawakulazimishwa na mtu. Ni kweli hawakushikiwa rungu. Lakini lugha aghalabu huuawa na haya. Mimi mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama. Leo nina shahada ya uzamifu katika isimu, na wanangu hawawezi kumsalimu nyanya yao kwa lugha yake. Nimcheke nani?

Fauka ya hayo, sera zetu zina tundu. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976, imependekezwa kuwa mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Ni wazo jema. Hata hivyo, lugha ya eneo ni lugha ya walio wengi. Mtoto wa Kielmolo atafundishwa kwa Kisamburu au Kiswahili, na sera iliyokusudiwa kulinda lugha za Kiafrika itakuwa imemmeza. Sisi walimu wa Kiswahili tusijitoe lawamani. Lugha yetu pia ina mdomo mpana. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha zote za Wakenya. Hakikusema kubwa tu.

Miaka ya hivi karibuni maji ya ziwa yalifura yakakitenga kijiji cha Komote na nchi kavu. Maafisa wakaja kupima maji. Maneno yanayozama yanapimwa na nani?

Kazi hii haihitaji mamilioni. Mwalimu uliye kijijini, wape wanafunzi wako daftari, uwatume kwa wazee wakaandike majina ya samaki, nyasi, pepo na nyota. Nawe mwanafunzi wa isimu, ukikusanya maneno ya watu kwa ajili ya tasnifu yako, warudishie nakala. Ni aibu msamiati wa Loiyangalani kupatikana kwenye maktaba za Ulaya na kukosekana Loiyangalani.

Kabla ya kung'oa hema nilimwachia yule kijana daftari moja na kalamu. Mzee akaanza kumtajia. Walifikisha maneno kumi na moja kabla upepo haujawafukuza ufuoni. Kumi na moja si lugha, lakini mzee alikuwa amepata wa kumjibu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hata matofali tumeanza kuishiwa.