AFYA YA JAMAA: Askari wa Damu Wazibwapo Mikono

Katika barua zenu kuhusu saratani ya damu swali moja limerudiwa mno: ikiwa chembe nyeupe ndizo askari wa mwili, na ugonjwa huu huzizidisha chembe hizo kupita kiasi, yawaje mgonjwa akose kinga? Swali hili ni la haki. Katika saratani ya damu iliyo kali, chembe zilizozidi ni changa, hazijui kazi, nazo zimewanyima nafasi wenzao ndani ya uboho wa mifupa. Lakini iko hila nyingine, nayo ndiyo tutakayoieleza leo.

Miongoni mwa chembe nyeupe limo kundi liitwalo wauaji wa asili. Habari zao zilitangazwa mwaka 1975 na Rolf Kiessling na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, naye Ronald Herberman wa Marekani akafikia hayo hayo kwa njia yake. Wameitwa wa asili kwa kuwa hawangoji kufundishwa kwa chanjo wala kwa kuugua kwanza. Ni wachache: kama 5 hadi 15 katika kila limfosaiti 100 za damu.

Muuaji huyu haui kwa mbali. Sharti amkumbatie adui. Juu ya ngozi yake mna protini za kushikia, mojawapo LFA-1, na juu ya chembe nyingine mna ICAM-1, zikilingana kama kishikizo na kitanzi chake. Zikisha kushikana, muuaji humchunguza mwenziwe. Akiona vitambulisho vya mwili vimepungua na alama za taabu zimezidi, humwaga perforini itoboayo ngozi, kisha vimeng'enya vinavyomaliza kazi. Wazazi watafahamu uzito wa kushika huku kwa habari ya watoto wachache sana wazaliwao na upungufu wa LFA-1: kitovu chao huchelewa kudondoka, na vidonda vyao huambukizwa bila kutoa usaha, maana chembe nyeupe haziwezi kushika kuta za mishipa ili zitoke kwenda vitani.

Sasa hila yenyewe. Protini hizi hukatwa kutoka juu ya chembe, zikaelea katika majimaji ya damu. Kipande cha ICAM-1 kinachoelea chaweza kuushika mkono wa muuaji kabla hajamfikia adui, mfano wa ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Alama ya taabu iitwayo MICA hukatwa vivyo hivyo. Mwaka 2003 wataalamu wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha kuwa vipande vyake vimo katika damu ya wagonjwa wa saratani hii; navyo humfanya muuaji aurudishe ndani ule mkono wa kupokelea alama hiyo. Askari yupo, silaha anazo, ila hapapasi kitu.

Kwa hiyo wale wauzao chupa za "kuongeza askari wa damu" wanauza maneno. Kuongeza askari waliozibwa mikono kwafaa nini? Wala msidhani kupima vipande hivi kwatosha kuutambua ugonjwa: ICAM-1 inayoelea hupanda hata katika malaria kali. Mwaka 2018 watafiti wa Boston walieleza kingamwili iliyozuia MICA isikatwe, na katika panya wauaji wakarudia kazi yao. Panya si mtu, lakini njia imeonekana.

Hayo ni ya maabara. La nyumbani ni hili: mtoto mwenye homa isiyokoma ijapokuwa amemaliza dawa ya malaria, viganja vyake vikapauka, fizi zikatoka damu, akapata mabaka ya kuvilia damu pasipo kuanguka, au akalalamikia mifupa usiku, apelekwe hospitali ahesabiwe chembe za damu na tone lake litazamwe kwa darubini. Katika nchi zenye hospitali kamili, watoto wapatao 9 katika 10 wenye aina iliyo ya kawaida zaidi utotoni hupona. Dawa zao hutolewa kwa muda wa miaka 2 au zaidi, na wazazi wengi huchoka waonapo mtoto amenenepa na kucheza. Humo ndimo ugonjwa hurudia.

Juma lijalo tutajibu barua za wanaouliza juu ya kuchangia damu.