Mlio wa Chini

Gari letu lina umri wa miaka 24, nasi tumezizoea sauti zake. Kila alfajiri tukiliwasha, hugongagonga kwa juu, kwenye valvu, kisha hunyamaza, kwani oili iliyoteremka usiku hukawia kidogo kupanda. Hilo tunaishi nalo.

Mwezi uliopita ulizuka mlio mwingine, mzito, wa chini, unaozidi tunapopanda mlima. Fundi aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, kisha akachomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine. Alipofikia wa tatu, kishindo kikapungua. Beringi ya konrodi imelika, akasema; tukiendelea hivi, konrodi huenda ikakatika na kutoboa bloku.

Naye jirani yetu alikwisha kutuomba tumuuzie gari hilo. Mtu mmoja, hatumtaji, alitunong'oneza tutie oili nzito, mlio ufifie. Ni kweli hufifia, beringi haiponi. Tukamwita jirani, tukaliwasha gari, tukamwomba asikilize. Alisikiliza kitambo, akauliza gharama ya kushusha injini, akaomba siku tatu afikiri.

Leo ni ya nne. Gari limeegeshwa uani, nasi twaenda kwa miguu.