Kabaka, kalamu na kofia mbili

BARAZANI
Na Mwanaidi Sefu

Juzi nilikwenda kununua misumari ya inchi tatu. Nyuma ya kaunta, juu ya makopo ya rangi, imetundikwa picha ya Rais ndani ya fremu. Pembeni yake ipo kalenda ya chama yenye sura ileile, safari hii kwenye kijani. Mteja mmoja akamtania mwenye duka: "Wa kwenye fremu ni wetu sote, wa kwenye kalenda ni wenu." Tukacheka, lakini neno lile nilitoka nalo.

Ibara ya 33 ya Katiba inamvisha Rais kofia tatu: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Wenzetu wengine wamezigawa. Uingereza mkuu wa nchi ni Mfalme, serikali anayo waziri mkuu. Ujerumani ina rais, lakini serikali huongozwa na kansela. Nasi tulikuwa hivyo kwa mwaka mmoja, kuanzia Desemba 9, 1961: mkuu wa nchi ya Tanganyika alikuwa Malkia Elizabeth, na waziri mkuu akawa Nyerere, kisha Kawawa.

Wapo wanaoamini kwamba tukigawa kofia hizo, mambo yatanyooka. Tuwaulize jirani zetu wa Uganda.

Oktoba 1963 Mutesa wa Pili, Kabaka wa Buganda, alifanywa Rais wa Uganda. Urais wenyewe ulikuwa wa heshima. Serikali aliiendesha Waziri Mkuu Milton Obote. Novemba 1964 wananchi wa Buyaga na Bugangaizi wakapiga kura kutoka Buganda na kurudi Bunyoro. Ikabaki saini ya Rais. Rais alipaswa kusaini, lakini Kabaka angeshikaje kalamu kuimega Buganda kwa mkono wake? Hakusaini. Akasaini Obote.

Februari 1966 Obote akamwondoa kwenye urais. Mei 24 jeshi likavamia kasri lake la Mengo, naye akakimbilia London, alikofia mwaka 1969.

Madaraka ya Mutesa yalikuwa madogo, na bado yalimshinda, kwa sababu mkuu wa wote alikuwa pia mkuu wa upande mmoja. Kwake upande huo ulikuwa ufalme. Kwetu ni chama. Mkuu wa Nchi ndiye anayeapisha majaji, anayewafariji wafiwa na anayetarajiwa kupatanisha waliogombana. Mwenye ugomvi na chama tawala apatanishwe na nani, ikiwa mpatanishi ndiye mwenyekiti wake?

Nitaambiwa rais na mwenyekiti wakiwa watu wawili watavutana. Mbona tumeshajaribu? Kuanzia 1985 hadi 1990 Rais alikuwa Mwinyi, Mwenyekiti wa CCM alikuwa Nyerere. Tena ilikuwa enzi ya chama kushika hatamu, na nchi haikusimama. Huko Ujerumani, rais kwa desturi huuweka kando hata uanachama wake.

Kofia tatu za Katiba sina ugomvi nazo. Ninayoihofia ni ya nne, ambayo Katiba haikuitaja. Katiba mpya ikirudi mezani, naomba iongezwe sentensi moja tu: anayeapishwa kuwa Mkuu wa Nchi aache uongozi wa chama siku hiyohiyo.