MSALA HAUKODISHWI

Wananchi wa Unguja na Pemba, limeingia neno jipya vinywani mwa wakubwa, nalo ni "ushirikishwaji". Haifunguliwi warsha, hapokewi mgeni kiwanja cha ndege, haichapishwi ripoti yenye picha za rangi, illa neno hilo limo. Msitu unahifadhiwa kwa ushirikishwaji wa wananchi. Bahari inahifadhiwa kwa ushirikishwaji wa wananchi. Nasi tunauliza: wananchi wameshirikishwa katika nini? Kwani hata mbuzi wa akika hushirikishwa katika karamu.

Ushirikishwaji tunaoujua sisi, na msomaji wetu wa shamba anaujua zaidi kuliko sisi, ni huu. Sheha hupigiwa simu jioni. Asubuhi hukusanywa watu thelathini au arubaini chini ya mwembe au katika banda la skuli. Hutoka mtu mjini na mkoba, akasema kwa muda wa saa nzima maneno ambayo nusu yake hayana Kiswahili. Huletwa chai na maandazi. Kisha hupitishwa karatasi, kila mtu akaandika jina lake na kutia saini ili apate nauli yake. Karatasi hiyo ya nauli ndiyo itakayopelekwa mbele kuwa ushahidi kwamba wananchi wa shehia fulani wamekubali. Wamekubali nini? Wamekubali chai.

Hatusemi haya kwa sababu tunachukia kuhifadhi misitu na bahari. Tunayasema kwa sababu sisi watu wa visiwa hivi tumekwisha kuonyesha, tena zaidi ya mara moja, kwamba mwananchi akipewa neno lenye nguvu hulinda kuliko bunduki ya mlinzi. Ushahidi haupo mbali. Upo Misali.

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, hakifiki hata kilomita moja ya mraba. Hakina mji wala shamba. Kina msitu juu ya mawe ya matumbawe, kina mapango, kina fukwe ambazo kasa na ng'amba hupanda usiku kutaga, na kimezungukwa na miamba ambayo wazamiaji wa nchi nyingi huisifu. Lakini kabla ya mzamiaji yeyote kuvaa mtungi wake, Misali ilikuwa dago la wavuvi wa Pemba. Huko ndiko wanakolala, wanakokausha samaki, wanakojificha na upepo. Na wazee wamepokezana hadithi kwamba Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi akaomba msala wa kusalia. Ulipokosekana, alisema kisiwa hiki kilivyolala kuelekea kibla ni mithili ya msala, akasali juu yake. Ndipo kilipopata jina. Anayetaka kuicheka hadithi hii na acheke, lakini ajue kwamba ilikilinda kisiwa kabla hajazaliwa mtaalamu wa kwanza wa mazingira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisiwa hicho hicho kilitolewa kwa mwekezaji kutoka nje ajenge hoteli. Ramani ilikuwepo, mkataba ulikuwepo. Ambaye hakuwepo ni mvuvi. Wavuvi walipopata khabari hawakwenda kuchoma kitu wala kumpiga mtu. Walipiga kelele, wakatuma watu, wakabisha hodi kila mlango, wakapata na waliowaunga mkono ndani na nje ya Serikali, mpaka mpango ule ukavunjwa. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, na wavuvi wakawa na jumuiya yao iliyokaa meza moja na Serikali katika kukiendesha kisiwa. Sehemu ya miamba ilifungwa isivuliwe kabisa. Sehemu iliyobaki ikaendelea kuvuliwa kwa masharti. Wavuvi walikubali kufungiwa bahari yao wenyewe! Na walipokuja masheikh na walimu, kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, wakazungumza misikitini juu ya amana ya binadamu kwa viumbe vya Mwenyezi Mungu, maneno hayo yaliingia pale ambapo kanuni za Idara hazikuingia. Mvuvi mmoja akimwambia mwenzake kwamba kuvunja matumbawe ni kufuja amana, hahitaji boti ya doria.

Halafu nini kikatokea? Mwaka 2005 lilitangazwa eneo kubwa la hifadhi la Mkondo wa Pemba, linaloshika pwani yote ya magharibi, na Misali ikatiwa ndani yake. Kupanua hifadhi si jambo baya. Lakini kila linapokuwa kubwa jambo, ndivyo meza ya uamuzi inavyosogea mjini, na ndivyo kiti cha mvuvi kinavyosogea mlangoni. Leo mvuvi huulizwa maoni yake baada ya kanuni kuandikwa.

Twende Kidike, hapo hapo Pemba. Popo mkubwa wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa katika kisiwa hicho. Jike lake huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo akiwindwa sana hawezi kujirudisha upesi. Aliwindwa kwa nyama, miti mikubwa anayolalia ikakatwa, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliokwenda kumhesabu waliona wamebaki wachache mno, na mwaka 1996 aliorodheshwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Nani aliyemwokoa? Walikuja wataalamu, walileta fedha na mafunzo, na hatuwanyimi shukrani. Lakini waliomwokoa ni wanakijiji waliokubaliana asipigwe tena popo katika miti yao, wakaunda jumuiya vijijini, wakatoza ada mgeni anayekuja kutazama. Pahala pengi popo hao hulala juu ya miti ya makaburini, ambayo mtu wa Pemba haikati kwa heshima ya waliozikwa chini yake. Katika miaka ya 2000 idadi yao ilihesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na mwaka 2008 wakatolewa katika ile daraja ya khatari kubwa kabisa. Khabari kama hii ni nadra duniani. Imetendeka Pemba, kwa mikono ya wakulima wa karafuu na mihogo, wala hakuna kiwanja wala barabara iliyopewa jina lao.

Juu ya Jozani tutasema kwa uchache, kwa sababu Jozani ina wasemaji wengi. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza ya Zanzibar, tangu mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya hifadhi za uhai. Kima punju wake, ambao ni wa Unguja peke yake, walihesabiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 wakaonekana kupita 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa. Lakini karibu theluthi moja yao wanaishi nje ya mipaka ya hifadhi, katika mashamba ya watu. Huyu kima, ambaye mgeni hulipa dola kumpiga picha, humaliza majani na matunda machanga ya mkulima asiyelipwa kitu. Katika miaka ya 1990 wakulima wa hapo waliunda umoja wao kudai haki hiyo, na sehemu ya ada za wageni ikaanza kwenda vijijini. Haikutolewa kwa hisani. Ilidaiwa. Hata yale matuta ya barabarani pale Jozani, yaliyopunguza kima kusagwa na magari, yaliwekwa baada ya barabara kutiwa lami na kima kuanza kufa. Kwanza lami, baadaye akili. Huo ndio utaratibu wetu.

Atatokea mtu atuambie: nyinyi mnawasifu wananchi kama malaika; je, si wananchi hao hao wanaovua kwa kigumi, wakiyagonga matumbawe kwa magongo na vyuma ili samaki wakimbilie nyavuni? Si wananchi wanaotia utupa majini, wanaochoma mkaa, wanaochimba mchanga usiku? Ndio, ni wao. Hatumtetei mharibifu kwa kuwa ni maskini. Tunakumbuka pia chui wa Unguja, aliyesakwa katika miaka ya 1960 kwa kampeni iliyochanganya vita vya uchawi na uwindaji, watu wakashiriki kwa wingi na kwa furaha, na leo tunaye katika jumba la makumbusho akiwa ameshindiliwa majani. Huo nao ulikuwa ushirikishwaji! Umati unaweza kupelekwa kuua kama unavyoweza kupelekwa kulinda. Tofauti ni hii: Misali na Kidike watu walijua kitakachobaki kitakuwa chao na cha wana wao. Mtu aliyeambiwa kwamba msitu ni wa Serikali, atauchoma mkaa kabla Serikali haijampa mtu mwengine. Hesabu yake ni mbaya kwa nchi, lakini kwake yeye si hesabu ya mjinga.

Na Sheria haina upungufu. Sheria ya Misitu nambari 10 ya mwaka 1996 inaziruhusu jamii kupewa msitu wauendeshe wenyewe kwa makubaliano. Mradi wa HIMA, uliogharimiwa na Norway kuanzia mwaka 2010 hadi 2014, ulipita shehia kadhaa wa kadhaa ukifunga makubaliano hayo. Watu walikata mipaka, wakachagua kamati, wakaacha kukata miti katika maeneo waliyoyafunga, wakisubiri kwamba hewa ya ukaa itauzwa nje na fedha zitarudi vijijini. Mradi ukesha, magari yakaondoka, na yale mapato ya kudumu yaliyotarajiwa hayakufika. Kamati zikabaki na madaftari. Mwanamke aliyeambiwa asikate kuni pale, akazifuata mbali zaidi, yeye ndiye aliyegharimia mradi ule kwa miguu yake, na jina lake halimo katika orodha ya wafadhili.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilitangaza kuvikodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji wa hoteli za matajiri, na tangu hapo siasa ya visiwa vidogo imekuwa ndiyo fakhari ya wanaosimamia uwekezaji. Tunaambiwa visiwa hivyo ni vitupu. Vitupu! Kisiwa ambacho mvuvi hulala miezi, ambacho mwanamke huvuka maji ya kupwa kwenda kuchokoa pweza, ambacho ndege wa baharini huzalia na kasa hutaga, kinaitwa kitupu kwa sababu hakina nyumba ya mawe na hati. Kwa kipimo hicho hata bahari ni tupu.

Tunaambiwa pia kwamba mwekezaji atahifadhi vyema kuliko mvuvi. Kweli, yapo mahoteli yanayohifadhi. Chumbe, ambako miamba yake ilifungwa mwaka 1994 na kuwekwa chini ya ulinzi wa kampuni, ni mfano mzuri, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi. Lakini mfano mmoja uliofanywa kwa uangalifu haugeuki ruhusa ya kila mwenye fedha. Taa ya hoteli iliyowashwa ufukweni usiku humpoteza mtoto wa kasa njia ya baharini. Maji machafu ya vyoo hulisha mwani unaofunika matumbawe. Gati hukata mkondo wa mchanga. Nani atakayemshitaki mwekezaji akifanya hayo, ikiwa waliokuwa wakilala pale kila siku wamekwisha fukuzwa? Atashitakiwa na kasa?

Tazameni wanavyofanya Kisiwa Panza, kusini ya Pemba. Watu hufunga wenyewe kipande cha mwamba kwa muda wa miezi mitatu, pweza wanenepe na wazae, kisha hufungua kwa siku moja iliyotangazwa, wakavua pamoja na kupima uzito. Wanaofunga ni wale wale wanaovua. Hakuna hati ya kukodi inayoweza kuleta utii kama huo.

Kwa hiyo tunasema waziwazi tunachokitaka. Kisiwa chochote, msitu wowote, mwamba wowote unaotakiwa kutolewa, rasimu ya mkataba iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe kwa sheha na katika kila diko linalohusika, kwa siku zisizopungua 90. Kamati ya wavuvi na wakulima ichaguliwe na wenyewe kwa kura, si kwa kuitwa, na iwe na haki ya kusema hapana, na hapana yake iandikwe. Haki ya dago iwekwe ndani ya mkataba kwa maneno, pamoja na njia ya kupita na ufuo wa kupwelea vyombo. Hesabu za ada za wageni zisomwe hadharani dikoni kila mwaka, senti kwa senti. Na karatasi ya nauli isiitwe tena karatasi ya ridhaa.

Wakubwa watasema masharti haya yatawakimbiza wawekezaji. Atakayekimbizwa na karatasi iliyobandikwa ukutani tunamtakia safari njema.

Kuna suali moja tutakalolipeleka Barazani kwa mkono wa Wawakilishi, na msomaji anaweza kumwuliza sheha wake wakati huo huo: katika visiwa vyote vilivyotolewa tangu mwaka 2021, ni kipi ambacho wavuvi wake waliuonyeshwa mkataba kabla haujatiwa saini, lini, na ni nani kati yao aliyeweka saini yake kama mwenye kukubali, si kama mwenye kupokea nauli? Tunataka jibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, kabla ya msimu ujao wa dago.