RANDA HAIULIZI MKONO NI WA NANI

Wako watu hata leo wanaocheka wakimwona mwanamke ameshika randa. Sisi twawauliza: nyumba ya Kimasai hujengwa na nani? Hujengwa na mama. Chungu cha Upare hufinyangwa na nani? Mkeka wa ukili tunaoulalia Pwani husukwa na nani? Basi ufundi si mgeni kwa mama zetu. Ajabu ni kwamba ufundi ukianza kuleta fedha nzuri, mara huitwa kazi ya wanaume.

Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipowaita akina mama wa Dar es Salaam wajiunge na TANU, wengi walidhani siasa ni ya wanaume. Akina mama wakajiunga kwa maelfu, na wenye kucheka wakanyamaza.

Leo wako akina mama mafundi wanaochukua kochi lililotupwa, wakalivua kitambaa, wakakaza viungo kwa gundi, wakabadili sponji na mikanda, wakapiga msasa na polishi, likarudi sebuleni kama jipya. Hiyo si kazi ya mchezo. Mninga hukua polepole mno. Kiti cha mninga kikitupwa jalalani kwa sababu ya kitambaa kuchanika, mti mzima umekatwa bure.

Tena tazameni shule zetu. Mwaka 2016 nchi nzima ilihimizwa kuchanga madawati, na wananchi wakaitika. Lakini dawati nalo huchoka: ubao hung'oka, mguu hulegea. Likivunjika hutupwa nyuma ya darasa, mvua ikalinyeshea, na mtoto akaketi sakafuni. Dawati hilo halingoji mfadhili. Lamngoja fundi mwenye msumeno na skrubu.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, halmashauri ziwape vikundi vya mafundi wanawake kazi ya kutengeneza madawati mabovu, na ziwalipe kwa wakati. Pili, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Isiishie kwenye maandazi na vitenge tu. Inunue pia randa, patasi na cherehani za kushonea makochi. Tatu, wenye karakana wafungue milango. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha wasichana kwa wavulana. Ni aibu msichana aliyefuzu huko apewe ufagio wa kuzolea maranda, huku mwenzake wa kiume akipewa msumeno.

Nanyi akina mama mlio kazini, twawaambia kweli bila kuwabembeleza: msiombe kuhurumiwa. Kiungo kikazwe, kipimo kiwe sawa, siku ya ahadi itimizwe. Mteja akikaa na kiti kisilie, hatauliza kilitengenezwa na nani.

Wazee wetu walituachia mwito wa Uhuru na Kazi. Hawakusema kazi ya wanaume peke yao. Taifa linalofunga nusu ya mikono yake lisishangae mzigo ukilielemea.