Duka Dogo, Karatasi Nyingi

Ukiuza bidhaa za shilingi 2,800 kila siku, mwaka ukiisha mauzo yako yamepita milioni moja. Na hapo si biashara kubwa, ni kaduka ka maziwa, unga na sukari mtaani. Lakini kisheria ushaingia kwenye ushuru wa mauzo, ule watu wanauita TOT. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3, kutoka 1. Unatangaza na kulipa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

TOT haiulizi faida. Mwezi wa mauzo ya 84,000 unadaiwa 2,520, hata kama baada ya stoki na kodi ya kibanda umebaki na 8,000 tu. Kwa hivyo pesa yoyote ikihesabiwa mauzo na si mauzo, inauma.

Na wengi wetu tunapokea kila kitu kwa namba moja! Mteja, mchango wa matanga, mzunguko wa chama, shemeji akirudisha deni. Taarifa ya simu haitofautishi. Ni wewe utakayeulizwa zile 15,000 za Machi zilitoka wapi, na sasa ni Novemba.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wateja wetu: ujumbe wa malipo si ankara ya eTIMS. Hoteli ikinunua sukuma kwako bila ankara hiyo, KRA haitambui gharama yake, basi inahamia supamaketi. Tangu mwisho wa 2024 sheria inaruhusu mnunuzi aandike ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Ni afueni, ingawa wauzaji wengi hawajaambiwa.

Maoni yetu? Ushuru ulipwe, sawa, lakini mtu asiandike mara mbili kitu kimoja. Malipo yakipita kwa simu, kiasi, tarehe na saa viko tayari. Kampuni za malipo, sisi tukiwemo, tuna deni la kurahisisha hiyo kazi.

Kwa sasa, chukua Till na upokee pesa za duka huko peke yake. Mauzo ya keshi andika kwa daftari jioni ileile. Ankara unaweza kutoa hata kwa kabambe, kupitia *222#. Na pesa za chama ziingie kwa namba yako ya kawaida, hata kama mweka hazina ni mteja wako wa kila asubuhi.